Waliotufungulia Mlango

Binti aliyeketi kando yangu alikuwa amepakata blanketi zito la manyoya, jekundu, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Mhudumu wa ndege alimwomba aliweke juu, akakataa kwa adabu. Alipoambiwa mara ya pili akasimama, akalisukuma kwenye kabati la mizigo, na kutoka Doha hadi Mombasa akawa kila mara anainua macho kuangalia kama kabati bado limefungwa.

Ilikuwa mwisho wa Shaaban, Februari 2025. Nilikuwa nimetoka London usiku wa mvua na baridi, nimemaliza zamu nne mfululizo, nakwenda kuwaona watu wangu kabla ya Ramadhani. Wengi katika ndege ile walikuwa mabinti kama huyu: baibui jeusi, simu mpya, mikono iliyokauka kwa sabuni. Walikuwa wanarudi kutoka Riyadh, Jeddah, Dammam. Kwetu pwani tumezoea kuwaita makadama, yaani watumishi wa nyumbani, na wao wenyewe hujiita hivyo hivyo, neno walilookota Uarabuni pamoja na ikama, kibali cha ukaazi, na kafili, mwajiri mdhamini.

Tulisalimiana. Alikuwa mtu wa Kwale. Nilimwuliza kazi yake ilikuwa gani huko Dammam, nikitarajia kusikia habari za kufua na kupika.

"Nilikuwa namwangalia bibi," akasema. "Mama kabira wa nyumba. Amepooza upande wa kulia."

"Hata mimi naangalia wazee."

Akageuka akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza. Mwanamume? Kule Uingereza wanaume wanaosha wazee? Nikamweleza nyumba ninayofanyia kazi kaskazini mwa London, wazee wake waliosahau majina ya watoto wao, na yule ninayemhudumia zaidi, mzee wa miaka 91 aliyekuwa fundi wa reli, ambaye mpaka leo akisikia gari moshi likipita mbali hutaja saa yake. Kuanzia hapo tukawa mafundi wawili wa kazi moja.

"Unamgeuza kila baada ya muda gani?"

"Saa mbili."

"Na usiku?"

"Hata usiku."

"Mimi nilikuwa nategesha simu iniamshe. Miaka miwili sijui kulala saa tatu bila kuamka." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja kimo chake.

Blanketi jepesi la ndege lilikuwa limeangukia miguuni kwake. Akaliokota, akalikunja, likawa mgonjwa. Akalilaza juu ya kimeza cha chakula, akanionyesha: kwanza mkono wa upande unaomgeuzia uuweke mbali na mwili usije ukabanwa, kisha mguu mmoja uupitishe juu ya mwenziwe, kisha ushike shuka aliyolalia, kwenye bega na kwenye nyonga, uivute kwako polepole huku unamsemesha. Goti lako liwe juu ya kitanda. "Goti ndilo linalobeba," akasema. "Ukibeba kwa mgongo, umekwisha." Nikamwambia kwetu hatumgeuzi mgonjwa peke yetu. Tunakuwa wawili, na iko shuka maalumu ya kuteleza, na ukithubutu kumgeuza peke yako utaandikiwa onyo.

"Wawili!" Akalirudia neno lile, akilikunjua blanketi. "Wawili."

Baadaye, chakula kimekwisha kuondolewa, aliniuliza nalipwa ngapi. Watu wa kwetu huuliza hivyo bila kuzunguka, na sikuona haki kumficha. Yeye alikuwa akilipwa riyali 900 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nalipwa kima cha chini cha Uingereza kwa mwaka ule, pauni 11.44 kwa saa. Tulipiga hesabu pamoja kwenye simu yake, tukabadilisha riyali kuwa pauni, tukagawanya. Mshahara wake wa mwezi mzima, mchana na usiku, ulikuwa sawa na saa 17 zangu. Zamu moja na nusu, basi.

Tuliitazama ile namba. Halafu akauliza, "Na nyumba unalipa mwenyewe?" Nikasema nalipa, na kodi inakula zaidi ya nusu. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Alikuwa ananionea huruma mimi! Nimeliwaza jambo hilo siku nyingi. Bibi wa Dammam na mzee wangu wa reli wana ngozi ileile ya uzeeni, nyembamba kama karatasi ya msahafu wa kale, na wote wawili hupata vidonda mahali pale pale, kwenye visigino na juu ya makalio. Kazi ya kuvizuia ni moja. Thamani yake imepangwa na mahali aliposimama anayeifanya, pamoja na karatasi alizoshika mkononi.

Sitaki mtu adhani alinieleza habari ya mateso matupu, au ya wema mtupu. Nyumba ya kwanza aliyopelekwa walimnyang'anya simu na pasipoti miezi minne. Nyumba ya pili, ya mama kabira, walimpeleka Umra mara mbili, na siku ya kuondoka bibi yule alilishika baibui lake kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, asiliachie mpaka mwanawe alipokuja kuvifungua vidole kimoja kimoja. Lile blanketi jekundu lilikuwa la kitandani kwa bibi. Alimpa yeye.

Katika mfuko wa koti langu nina pasipoti mbili, na zote ni za buluu. Ya Uingereza ni buluu iliyoiva, karibu na weusi. Ya Kenya ni buluu ya anga. Katiba yetu ya 2010 ndiyo iliyoturuhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Ile buluu iliyoiva hunifungulia zaidi ya nchi 180 bila kuomba viza mapema, na ile ya anga hazifiki 80. Anayezibeba ni mtu yule yule, mwenye alama zile zile za vidole. Nikiwa na hii naitwa bwana. Nikiwa na ile naulizwa narudi lini. Pale uwanja wa Moi nilitoa ya anga, kwa sababu ni nyumbani, nikapanga foleni pamoja na mabinti wale. Mwenzangu wa safari alikuwa mbele yangu, blanketi kifuani. Tulipeana namba za simu kwenye kile kijua cha nje, akapanda matatu ya Likoni.

Mama mkubwa anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba aliyozaliwa marehemu mama. Mlango wake sijawahi kuukuta umefungwa mchana. Unaingia, unabisha hodi ukiwa tayari umeshafika ukumbini, na sauti yake inakuja kutoka jikoni: karibu, karibu mwanangu, vua viatu ukae. Asubuhi ile kulikuwa na mahamri ya iliki na mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu. London mahamri tunayapika pia, unga ni ule ule na iliki ni ile ile, lakini hayawi haya. Mwenyewe anasema ni maji.

Ukumbini mle ndimo nilimowaona Wabarawa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa 1991, nina miaka kumi, Somalia imesambaratika, na majahazi na mashua zikawa zinateremka pwani zikiwa zimejaa watu wa Barawa na Kismayu. Serikali na Umoja wa Mataifa walifungua kambi Mombasa, Utange na Benadir na nyinginezo, lakini si wote walioishia kambini. Wengi waliingia majumbani mwa watu. Bibi yangu alichukua familia ya watu saba, akawapa chumba cha juu, na sisi watoto tukahamishiwa ukumbini kulala mkekani. Walisema Chimwini, lugha yao ya Barawa, ndugu ya Kiswahili chetu. Tuliwasikiliza tukielewa nusu, kama unavyosikia wimbo unaoujua ukiimbwa kwa maneno mengine. Mama wa familia ile alitujengea tanuri ya udongo uani, akawa anatuokea mikate ya mofa, anaibandika kwenye kuta za tanuri kwa kiganja kilicholowa maji na kukivuta kwa upesi usioonekana. Walikaa miaka miwili. Sikumbuki mtu yeyote wa nyumba ile akiuliza wataondoka lini. Nakumbuka nililiuliza mimi, kwa sababu ya kitanda changu, na nakumbuka jinsi bibi alivyonitazama.

Nimekuwa nikimtumia mama mkubwa pauni 150 kila mwezi kwa miaka mingi. Safari hii, nikitafuta kalamu kwenye mtoto wa meza, nikakuta daftari la shule. Ndani yake, kwa mwandiko wake wa madrasa, kuna majina ya watu na hesabu: shilingi 500, shilingi 300, shilingi 1,000 "ya dawa", 2,000 "karo". Kila mwezi, tangu 2016. Pesa zangu zilikuwa zikifika, zinakaa siku mbili, zinatoka kwenda mtaani. Mmoja wa wale walioandikwa ni bibi wa Kibarawa aliyebaki Mombasa peke yake, wanawe wameenea dunia nzima. Mwingine ni muuza kahawa anayepita jioni akigonganisha vikombe vyake. Nilimwuliza mama mkubwa kwa nini hajawahi kuniambia. "Ningekwambia ungeongeza," akasema, "nawe una watoto."

Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Pesa zinazotumwa Afrika kusini mwa Sahara hukatwa ada ya karibu asilimia 8, ilhali dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 ada isizidi asilimia 3. Bara linalopokea kidogo ndilo linalokatwa kingi. Takwimu hizo nilikuwa nazijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba upande wa pili wa ile njia kulikuwa na daftari, na mwanamke mwenye presha na magoti mabovu aliyekuwa akitoa, kwa kipimo cha alicho nacho, mara nyingi kuliko mimi. Zaka yangu ni asilimia 2.5 ya akiba, na huihesabu kwa programu ya simu. Yake sikuweza kuihesabu.

Jioni tulikaa barazani, akanionyesha barua. Binti yake alijifungua katika nchi moja ya Ulaya, mjukuu wa kwanza, naye akaomba viza ya kwenda kumwona. Alilipa yuro 90, ada iliyopandishwa Juni 2024, ambayo ukikataliwa hairudishwi. Walimkataa. Barua inasema hawakuridhika kwamba mwombaji anayo nia ya kurudi kwao. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kulala nje ya Mombasa zaidi ya wiki mbili, ambaye akienda Malindi harusini hurudi siku ya tatu kwa sababu ana wasiwasi na miti yake ya asumini. Barua ameiweka chini ya kitambaa cha televisheni. Aliniuliza nimsomee tena kile Kiingereza, nikamsomea. "Wanadhani nitawala nini?" akasema. Kisha mtu akabisha hodi akaomba maji ya kunywa, mtu wa kupita tu, akainuka kumpa.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuikubali dunia tuliyoijenga. Pesa zinapita, mafuta yanapita, mashati tuliyoyavaa yanapita. Bibi anayekwenda kumwogesha mjukuu hapiti.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba huku kwetu ndiko milango iko wazi na kule imefungwa. Nimeishi Uingereza miaka 22. Juni 2013, wiki mbili baada ya mwanajeshi wa Kiingereza kuuawa barabarani Woolwich na watu wawili waliodai kuitetea dini yetu, kituo cha Wabarawa mtaa wa Muswell Hill, kaskazini mwa London, kiliteketezwa kwa moto usiku. Ukutani walikuta herufi tatu za kundi lililowachukia Waislamu. Ndio wale wale Wabarawa. Waliokimbia 1991, wakapita Mombasa, wakapita kambini, wakafika London wakapata mahali pa kuwasomesha watoto wao Kurani, na moto ukawafuata hadi pale. Ramadhani iliingia mwezi uliofuata, hawana pa kufuturia wala pa kuswali tarawehe. Waliowafungulia ukumbi ni Mayahudi, watu wa sinagogi la Finchley Reform.

Nilikwenda usiku mmoja. Viatu vilipangwa mlangoni kama msikiti wowote. Bibi mmoja wa Kiyahudi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa akigawa maji kwa bilauri za kioo, akitazama saa yake kuliko sisi, asije akamcheleweshea mtu kufungua. Kwenye sinia moja kulikuwa na mofa. Niliitambua kwa harufu kabla sijaiona. Yule bibi aliniambia babake aliletwa Uingereza kwa treni akiwa mtoto, peke yake, kabla ya Vita vya Pili. Watoto karibu 10,000 waliokolewa kwa njia ile kutoka kwa Hitler, wengi hawakuwaona wazazi wao tena. Kuna nyumba iliyompokea babake, nyumba ya watu wasiomjua. Hakunieleza zaidi ya hapo, na hakuwa na haja. Mimi nilikuwa nafikiria kitanda changu cha 1991.

Ukisimama London, Makka na Baytul-Maqdis, yaani Yerusalemu, ziko upande mmoja, kusini-mashariki, zikipishana kidogo sana. Usiku ule niliiswali rakaa ya kwanza nikikumbuka kwamba Waislamu wa mwanzo walielekea Baytul-Maqdis kabla ya kibla kugeuzwa. Nikakumbuka pia Habasha. Watoto wa madrasa wote wanaijua habari ile: mwaka wa 5 wa utume, Makka haikaliki, Mtume, sala na salamu zimshukie, akawaelekeza baadhi ya wafuasi wake wavuke bahari waende kwa Najashi, mfalme Mkristo ambaye hapakudhulumiwa mtu kwake. Makureishi wakatuma wajumbe na zawadi warudishiwe watu wao. Jaafar bin Abi Talib akamsomea mfalme aya za Sura ya Maryam, mfalme akalia, akakataa zawadi. Dini yangu, kabla ya kupata mji wake Madina, ilipewa hifadhi Afrika na mtu wa dini nyingine. Naijua habari hii tangu utoto na nilikuwa naisoma kama sifa ya Najashi. Siku hizi naisoma kama deni letu.

Na safari hii, kutoka Mombasa nilipanda basi la Lamu, kwa ami yangu, kakake marehemu baba. Zamani njia ile baada ya Garsen ilikuwa mchanga na mashimo. Sasa ni lami hadi Mokowe, na askari bado hupanda basi kwa sababu ya usalama. Kilifi yapita, Malindi yapita, na mikorosho na mikonge inakwisha, nchi inatandaa, inaingia mikoma na yale mathenge yenye miiba yaliyomeza malisho ya watu. Tulipopita Minjila mkanda wa feni ukakatika. Dereva akasema gari la kuleta mkanda litachukua saa tatu. Ilikuwa adhuhuri, jua la kaskazi limesimama kichwani, na kivuli kilikuwa kimoja tu, cha basi lenyewe.

Hatua mia mbili kutoka barabarani kulikuwa na vibanda vya Waorma, vya mviringo, vya nyasi. Mzee mmoja akaja na fimbo yake, akatuhesabu kwa macho, akarudi. Tulidhani amekwenda zake. Akatokea tena na wanawake wawili na kibuyu na vikombe vitatu vya bati, wakaanza na watoto, wakaja kwa akina mama, kisha sisi. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi wa mti wanaofukizia kibuyu. Vikombe vitatu kwa watu zaidi ya arobaini. Mmoja anakunywa, kinafutwa kwa kanga, anapewa mwingine. Wengine wetu tulikuwa na chupa za maji ya kununua tulizozificha mifukoni. Nasema tulizozificha kwa sababu nilikuwa nayo moja, na niliitoa baada ya kupokea maziwa, si kabla.

Niliketi naye chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha. Alikuwa na ng'ombe 60. Ule ukame, misimu mitano mfululizo ambayo mvua zilikosa kati ya 2020 na 2022, ulimwachia 9. Kisha Tana ikafurika mwishoni mwa 2023, na tena masika ya 2024, ikachukua mbuzi na nyumba. Sasa ana ng'ombe 11, na wanaokamuliwa ni 3. Nilipiga hesabu ya maziwa tuliyokunywa, nikajua kwamba usiku ule wajukuu zake watalala kwa chai nyeusi. Nikaingiza mkono mfukoni. Akaushika, mkono wenyewe, akaubakisha mfukoni, akausukuma ndani kama mtu anayefunga mlango.

"Kwenu mvua inanyesha?" akaniuliza.

"Kila siku," nikasema. "Mpaka tunaichoka."

"Subhanallah." Aliipenda habari hiyo. Akaitafsiri kwa wale wanawake, nao wakacheka kwa mshangao, wakaniuliza majani yanafika wapi, nikawaonyesha juu ya goti.

Sikumwambia kwamba Afrika nzima hutoa karibu asilimia 4 tu ya hewa chafu inayoivuruga mvua yake. Ningemwambiaje, na mdomo wangu una maziwa yake? Tuliswali adhuhuri na alasiri chini ya ubavu wa basi, yeye ametangulia, mkeka ni wa nyumbani kwake. Gari la mkanda lilipofika akatuaga mmoja mmoja.

Tuliingia Mokowe magharibi, tukavuka kwa boti. Lamu ukiiona kutoka majini wakati ule, taa zinawaka ukingoni na adhana zinapishana, unaelewa kwa nini watu wake hawaielezi, huitaja jina tu. Ami alikuwa gatini, miaka 80, kanzu nyeupe, ameshika taa ya simu ya mjukuu. "Ndoo, mwanangu," akasema kwa Kiamu chake, "ndoo unwe mai." Nyumbani wameshapika vunja-jungu, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na jirani wote wamo. Kaka zangu wawili walikuwa wavuvi. Bandari mpya upande wa Manda, iliyofungua gati lake la kwanza 2021, imechukua maji waliyokuwa wakivua, na fidia ambayo mahakama iliamuru 2018 bado ndiyo mazungumzo ya kila baraza. Mmoja sasa anaendesha boti ya watalii. Anawapokea vizuri. Anasema hawana kosa.

Mji wa Lamu umeelekea mashariki, hivyo mwezi wa Ramadhani hautafutwi ukingoni. Watu hupanda darini na kutazama nyuma, juu ya minazi. Kesho yake jioni tulipanda, watoto wametangulia, na ami akapandishwa ngazi kwa kushikwa kiuno. Tukiwa huko simu yangu ikalia. Alikuwa yule binti wa Kwale.

Amefika salama. Mama yake mzima. Lile blanketi, pamoja na joto hili lote, mama amekataa kulitoa kitandani. Mtoto wake mkubwa amemjua, mdogo anamwita shangazi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: ile kazi yangu ya London, mtu kama yeye anaweza kuipata? Na akiipata, atakwenda na wanawe?

Nilimwambia ukweli. Tangu Machi 2024 mhudumu wa wazee aliyetoka nchi za nje alikuwa haruhusiwi kuingia Uingereza na watoto wake. Yeye mwenyewe, labda. Wao, hapana.

Nilisikia jogoo kwake, na mtoto akiitia kitu nisichokielewa kwa Kidigo.

"Basi ngoja kwanza wanizowee," akasema.

Watoto wa darini wakapiga ukelele, mmoja ameona kitu, mwingine anasema ni wingu. Nilidhani amekwisha kukata simu, lakini alikuwapo.

"Na yule babu wa reli," akauliza, "leo nani anamgeuza?"

"Wenzangu. Mmoja wa Ghana, mmoja wa Ufilipino."

"Wako wawili?"

"Wawili."

"Basi hatapata vidonda," akasema, akaniaga, akaniambia nimsalimie nikirudi.